Kuonja Mkahawa wa Kuku wa Kukaanga kwa Mara ya Kwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mkahawa mpya wa kuku ukifunguliwa, watu hupanga foleni, hupiga picha boksi, halafu wakitoka hawana la kusema zaidi ya "si mbaya". Majibu haya ni ya mtu anayetaka kujua kama kuku aliyemla ni mzuri kweli, na kwa sababu gani. Maswali mengine nimeyapitia haraka kwa kuwa hayana mengi.

Nikiingia mara ya kwanza, niagize nini?

Vipande viwili vya kawaida vyenye mfupa: paja moja na kidari kimoja. Bila sosi juu, bila jibini, na achana na toleo jipya lililobandikwa mlangoni. Ongeza chipsi ndogo na kinywaji ukitaka, basi.

Najua menyu itakuvuta kwingine. Vyakula vyenye picha kubwa ndivyo mkahawa unavyotaka viuzike wiki hiyo, na mara nyingi vimefunikwa sosi. Sosi huficha mengi: nyama kavu, mafuta yaliyochoka, unga usio na ladha. Kipande kitupu hakina pa kujificha. Mkahawa ukiweza kukaanga paja likaiva hadi mfupani, ganda likashika na chumvi ikafika ndani, nitawaamini hata kwenye baga.

Iko mikahawa isiyouza kabisa kuku mwenye mfupa. Raising Cane's, iliyoanzia Baton Rouge, Louisiana, mwaka 1996, imejikita kwenye vipande virefu vya mnofu. Hapo chukua hivyo hivyo, na cha kwanza ukile bila kuchovya popote.

Sasa nikishaletewa, naangalia nini?

Usianze kwa kung'ata. Shika paja kwa mikono miwili, lipasue taratibu kando ya mfupa. Mvuke utoke. Ganda livunjike pamoja na nyama, vipande vidogo vikibaki vimeng'ang'ania mnofu. Ganda likivuka lote kwa mpigo kama soksi, ujue ngozi ilikuwa na maji mengi ilipotiwa unga, au kuku amekaa muda mrefu hadi mvuke ukalilegeza.

Angalia pia mpaka wa ganda na ngozi. Ukiona utando mweupe unaonata, huo ni unga ambao haukuiva. Kisha tazama vidole vyako. Kung'aa kwa mafuta ni kawaida, huyu ni kuku wa kukaanga bwana, lakini mafuta yakitiririka kiganjani, ama yalikuwa hayajapata moto wa kutosha kuku alipotumbukizwa, ama hakupewa muda wa kuchuja.

Mwisho, nyofoa kipande kidogo cha nyama karibu kabisa na mfupa na ukile peke yake, bila ganda. Kikiwa na chumvi na ladha ya viungo, kuku alilowekwa kabla. Kikiwa hakina ladha yoyote, viungo vyote viko kwenye unga, na kazi waliyofanya ni ya nje tu. Mimi kipimo hiki nakiamini kuliko kingine chochote.

Kipi bora: paja, mguu, kidari au bawa?

Kwa kula, paja. Kwa kupima, kidari.

Nyama ya paja na mguu ni ya misuli inayofanya kazi muda wote. Ina mafuta zaidi na tishu nyingi zinazoyeyuka taratibu zikipata moto, kwa hiyo hata ikizidishiwa dakika mbili tatu kwenye mafuta bado italainika. Kidari hakina akiba hiyo. Kikipitiliza kidogo kinakuwa kikavu, kinashika meno, unatafuna huku unatafuta soda. Mkahawa unaotoa kidari chenye majimaji ndani una mpishi anayeheshimu saa.

Bawa ni tamu, ila lina ngozi na ganda kuliko nyama, kwa hiyo hata mkahawa wa wastani hufaulu hapo. Usilitumie kutoa hukumu.

Jambo moja watu hawalijui: kuku mzima hukatwa vipande 8 katika baadhi ya mikahawa na 9 katika mingine. Kwenye mkato wa 9, ncha ya kidari hutolewa kuwa kipande chake. Ukipewa kipande cha umbo la ajabu, kisicho paja wala bawa, pengine ndicho hicho, na kina nyama nzuri.

Naweza kuchagua vipande?

Omba. Kuomba si ushamba. Mikahawa mingine inakubali bila neno, mingine inakutoza nyongeza, na mingine hupakia inavyotaka. Usipoomba, unapata kilicho karibu na koleo.

Ni saa ngapi nzuri kwenda?

Wakati wenye wateja wengi kiasi, si wakati wa ukiwa. Watu hudhani saa za utulivu ndizo zenye huduma bora. Huduma labda, kuku hapana. Mkahawa ukiwa mtupu, kuku waliokaangwa hukaa kwenye kabati la joto wakisubiri. Ganda linaanza kulainika, kidari kinaanza kukauka. Foleni ikisogea, kabati linamalizika na kikaangio hakipumziki. Nenda pale watu wanapoanza kuingia kula mchana au jioni, kabla msongamano haujafika kileleni. Kileleni napo pana shida yake: wapishi huharakisha, na hapo ndipo oda huchanganywa.

Siku nazo zina mambo yake. Chick-fil-A, mikahawa ya kuku ya Marekani, hufunga kila Jumapili, desturi aliyoianza mwanzilishi wake Truett Cathy alipofungua mkahawa wake wa kwanza Georgia mwaka 1946. Na ukiwa Japani wakati wa Krismasi, usitegemee kuingia tu KFC na kuhudumiwa. Tangu kampeni ya matangazo ya mwaka 1974, kuku wa kukaanga amekuwa mlo wa sikukuu huko, na watu huweka oda mapema.

Nitajuaje kama kuku ametoka sasa hivi?

Uliza. "Kipi kimetoka sasa hivi?" ni swali lenye thamani kuliko kuponi yoyote. Mhudumu mwenye uzoefu atakujibu bila kugeuka nyuma. Akisema mapaja yatatoka baada ya dakika tano, subiri hizo dakika tano.

Kama jiko linaonekana, tazama trei. Vipande vipya vinang'aa, na ukitega sikio bado vinatoa sauti. Vilivyokaa vimefifia rangi, na karatasi chini yake imeloa mafuta.

Kwa nini kuku wao huwa laini hivyo, tofauti na ninayemkaanga mwenyewe?

Mambo mawili: kuloweka na presha.

Kuloweka kwenye maji ya chumvi na viungo huifanya nyama ishike maji zaidi inapopikwa, na chumvi hufika ndani. Hilo hata wewe unaliweza, ukikumbuka usiku wa kuamkia.

Presha ni habari nyingine. Harland Sanders, mwanzilishi wa KFC, alianza kuuzia wasafiri chakula kwenye kituo cha mafuta huko Corbin, Kentucky, mwaka 1930. Kukaanga kuku kwenye kikaango cha chuma kulichukua karibu nusu saa, na msafiri hana nusu saa. Mwaka 1939 akaanza kutumia chungu cha presha, jambo la hatari kiasi maana vyungu vya namna hiyo havikutengenezewa mafuta ya moto. Baadaye kampuni za mashine zikaunda vikaangio vya presha vya kazi hiyo hasa. Usijaribu na chungu chako cha presha cha maharage. Kinaweza kulipuka na kukumwagia mafuta ya moto.

Kinachotokea ndani ni hiki: kifuniko kikifungwa, maji yaliyo ndani ya nyama hayageuki mvuke kwa urahisi, kwa hiyo hayatoroki ovyo. Kuku anaiva haraka na anabaki na majimaji. Gharama yake ni ganda. Mvuke uliofungiwa huliacha laini kiasi, likiwa limeshikana na ngozi.

Ndiyo maana kuna "wa kawaida" na "wa kukauka"?

Ndiyo, kwa sehemu kubwa. Yule mwenye ganda laini lililoshika ngozi kwa kawaida ni wa presha. Yule mwenye ganda nene lenye mikunjo, linalosikika hadi meza ya pili, hukaangwa kwenye kikaangio cha wazi baada ya kugaragazwa kwenye unga zaidi ya mara moja. Hakuna aliye halisi kuliko mwenzake. Ila usimlaumu wa presha kwa kukosa mlio.

Nyama ina wekundu karibu na mfupa. Ni mbichi?

Si lazima. Kuku wa kufugwa kwa nyama huchinjwa wachanga, mifupa yao haijakomaa, na uboho hupenya nje wakati wa kupikwa au kugandishwa, ukaacha rangi nyekundu au ya zambarau. Kinachoamua usalama ni joto: nyama ya kuku inatakiwa kufikia nyuzi 74 za Selsiasi ndani, kiasi cha kuua vijidudu kama salmonela.

Mezani huna kipimajoto, kwa hiyo tumia macho na ulimi. Wekundu kwenye mfupa huku nyama ikiachia na kuchambuka vizuri, huyo kwa kawaida ameiva. Nyama inayoteleza, yenye mng'ao wa kioo, isiyochambuka, rudisha. Na ukiwa na shaka rudisha tu, hawatakufunga.

Mikahawa hii yote si ileile tu?

Hapana, na tofauti nyingi zinatokana na ilikoanzia.

KFC ilijengwa juu ya presha na ule mchanganyiko wa mimea na viungo 11. Mkahawa wa kwanza uliopewa haki ya kuuza kuku wa Sanders ulikuwa wa Pete Harman huko Utah mwaka 1952. Popeyes ilianzishwa na Al Copeland mwaka 1972 huko Arabi, pembeni ya New Orleans. Kwanza alijaribu kuuza kuku asiye na ukali, biashara ikasuasua. Akageukia kuku mwenye pilipili wa mtindo wa Louisiana, na mambo yakanyooka. Ukienda Popeyes ukaagiza wa upole tu, umeiruka sababu ya kuwapo kwake.

Jollibee ya Ufilipino ilianza kama duka la aiskrimu la Tony Tan Caktiong mwaka 1975. Kuku wake huja na mchuzi mzito, na wali ndio mwenzake. Chipsi hapo ni mgeni, agiza wali. Nando's ilianzia Rosettenville, Johannesburg, mwaka 1987, na haikaangi kuku bali humchoma kwenye moto baada ya kumloweka kwenye pilipili za piripiri. Kuihukumu kwa kigezo cha ganda ni kuionea. Hapo unapima kuungua kwa ngozi, ukali unaopanda taratibu, na kama ndimu inasikika.

Kwa ufupi, kabla ya kulinganisha, jiulize kila mmoja anajaribu kupika nini.

Vipi baga ya kuku?

Agiza safari ya pili. Ikiwa nzuri ni nzuri mno: mkate laini uliopashwa kwa siagi, mnofu mzito wenye ganda kavu, achari, mayonesi. Nne tu. Kila kinachoongezwa juu ya hapo kinalainisha ganda.

Baga hizi zimewahi kuwatia watu wazimu. Popeyes ilipozindua yake kote Marekani Agosti 2019, iliisha katika muda wa wiki mbili hivi, na haikurudi hadi Novemba. Ulikuwa mkate, kuku, achari na mayonesi, si zaidi.

Kipimo changu: tazama kama mnofu unazidi mkate kwa upana. Ukiwa umejificha ndani, wamekupunja.

Nageti ni nyama gani hasa?

Inategemea. Nyingine ni vipande kamili vya kidari vilivyokatwa vidogo, nyingine ni nyama iliyosagwa, ikaungwa na kupewa umbo. Namna ya kuifanya nyama iliyosagwa ishikane na unga usibanduke ilibuniwa na Robert Baker, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, katika miaka ya 1960. Hakuiwekea hataza. McDonald's ilisambaza nageti zake kote Marekani mwaka 1983.

Kata moja katikati. Ukiona nyuzi za nyama zinazoelekea upande mmoja, ni kipande kamili. Ukiona umbo la sponji, imesagwa. Kusagwa si dhambi, ila bei isiwe ya mnofu.

Sosi niichukue ipi?

Baada ya kuonja kuku mtupu, chukua yoyote. Za krimu zinafaa kuku mwenye pilipili, za uchachu zinafaa wa kawaida. Sosi tamu sana huua kila kitu. Mchuzi mzito wa kahawia ni bahati nasibu: Sanders mwenyewe, baada ya kuiuza kampuni yake mwaka 1964, alikuwa akilalamika hadharani kwamba mchuzi wao umeharibika.

Na vya pembeni?

Chipsi zinakueleza hali ya mafuta. Zikiwa na rangi ya kahawia iliyokoza na ladha ya uchungu kwa mbali, mafuta yamechoka, na kuku naye pengine amekaangwa humo au kwenye mafuta ya hali hiyohiyo. Kabichi yenye mayonesi iwe baridi na iwe na mlio. Mahindi ni mahindi.

Kombo inapunguza gharama kweli?

Mara nyingine. Jumlisha bei ya kila kitu peke yake, kisha ondoa usichokihitaji. Kombo hupata faida yake kwenye kinywaji na chipsi, vitu visivyomgharimu sana mwenye mkahawa. Kama ungekunywa maji, pengine unalipia soda usiyoitaka. Ndoo ya vipande vingi ndiyo huwa na nafuu ya kweli, mkiwa watu wanne na kuendelea. Kwa mtu mmoja, ni mtego.

Nina mzio, au nakula halali tu. Nifanyeje?

Usikisie, na usitegemee jibu la tawi jingine. Unga wa kuku kwa kawaida una ngano, na mara nyingi maziwa na mayai huhusika. Chick-fil-A hukaangia kuku wake kwa mafuta ya karanga yaliyosafishwa. Pia kikaangio kimoja huweza kupitia kuku, samaki na chipsi, kwa hiyo chipsi "zisizo na ngano" zinaweza kuwa zimeogelea humo. Omba orodha ya viambato. Mkahawa mkubwa unayo, ukutani au kwenye programu yao ya simu.

Kuhusu halali, jina la mkahawa halitoshi. Kampuni ileile inaweza kuwa na cheti katika nchi moja na isiwe nacho katika nyingine, hata tawi kwa tawi. Omba kukiona cheti na usome tarehe yake.

Ana chumvi kiasi gani?

Nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikie gramu 5 za chumvi kwa siku, na mlo wa vipande viwili, chipsi na sosi unaweza kumaliza sehemu kubwa ya kiasi hicho kwa mkao mmoja. Chumvi iko kwenye maji ya kulowekea, kwenye unga, kwenye chipsi na kwenye sosi. Pa kupunguza ni chipsi, omba zisizotiwa chumvi. Watalazimika kukukaangia mpya, kwa hiyo unapata faida mbili.

Nile hapohapo au niletewe?

Mara ya kwanza, kula hapohapo. Ganda lina dakika chache za utukufu. Likifungiwa kwenye boksi, mvuke wa nyama unageuka maji na kulirudia. Mkahawa mzuri ukiuhukumu kwa kuku aliyezunguka mjini kwenye pikipiki, umehukumu pikipiki.

Ukilazimika kubeba, fungua kifuniko kidogo na usiweke sosi juu. Kabla ya kuondoka kaunta hesabu vipande. Si ukorofi.

Aliyebaki anafaa kesho?

Anafaa, akiingia kwenye friji mapema. Asikae nje zaidi ya saa mbili. Kesho yake mpashe kwenye oveni au kikaangio cha hewa hadi awe wa moto kabisa ndani. Maikrowevu humpasha lakini humtoa heshima: ganda linakuwa mpira. Wapo wanaompenda akiwa baridi kutoka kwenye friji, nami nimo.

Kuku wameisha, mkahawa wa kuku unawezaje kuishiwa kuku?

Unaweza. Februari 2018, KFC Uingereza ilibadilisha msambazaji, na mamia ya mikahawa yake ikafungwa kwa siku kadhaa kwa sababu kuku hawakufika. Kwa tawi moja jioni moja, sababu huwa ndogo zaidi: nyama iliyolowekwa asubuhi imekwisha, na nyingine haijakaa muda wa kutosha. Anayekwambia "wameisha" kuliko kukaanga asiyelowekwa, mheshimu.

Nikikuta kasoro, nisemeje?

Sema mapema, ukiwa umekula kidogo, na utaje kitu chenyewe: "kidari ni kikavu", "unga haukuiva". "Sijapenda" haimsaidii mtu. Rudi kaunta na kipande pamoja na risiti. Mahali pengi watakubadilishia bila mjadala.

Kisha tazama wanavyobadilisha. Wakichota kingine kutoka kabati lilelile, huna haja ya kurudi. Wakikwambia usubiri wakukaangie, kaa chini usubiri, na safari ijayo agiza ile baga.